Sintetiki au nusu sintetiki: shajara ya Probox na IST hapa Mwanza

Julai. Kupanga kazi

Mradi una swali moja. Kwenye injini ya Toyota 1NZ-FE inayofanya kazi Mwanza na kandokando ya ziwa, oili ya sintetiki inaizidi nusu sintetiki kwa kiasi gani, na je, kiasi hicho kinalipa tofauti ya bei? Kila gereji niliyoingia ina jibu lake. Huyu anasema sintetiki inaliwa na injini iliyochoka. Yule anasema nusu sintetiki ni oili ya kawaida iliyotiwa kwenye galoni ya kuvutia. Sijakutana na mtu aliyeziweka zote mbili kwenye injini zinazofanana, akapima, akaandika. Fedha za wenye magari zinapotea hapo, na injini zinakufa hapohapo, kwa hiyo naona kazi hii inastahili jasho.

Magari ni mawili. La kwanza ni Probox yangu, NCP51, inayobeba dagaa wakavu kutoka Mwaloni wa Kirumba kwenda Magu na Lamadi, na wiki nyingine Sengerema hadi Geita. La pili ni IST ya shemeji, NCP61, gari la mjini: linatoka Nyegezi kwenda shuleni, sokoni, kazini, linarudi. Injini ni ileile, cc 1,497, yenye cheni ya taimingi badala ya mkanda, na VVT-i inayoendeshwa na presha ya oili yenyewe. Hilo la mwisho si dogo. Kwenye injini hii oili hailainishi tu. Ndiyo inayoisukuma gia ya shafti ya vali ili vali zifunguke mapema au zichelewe. Oili ikijaa utope, kichujio kidogo cha VVT-i kinaziba na gari linakosa nguvu hata kama ringi za pistoni bado ni nzima.

Hali ya magari leo: Probox imetembea sana na inakunywa oili kidogo. IST haijatembea sana, moshi hauonekani kabisa, ila inatoa jasho la oili kwenye gasketi ya tapet kava, kifuniko cha juu ya vali.

Utaratibu ni huu. Awamu ya kwanza Probox inapewa nusu sintetiki na IST sintetiki. Awamu ya pili tunabadilishana, ili tabia ya gari isihesabiwe kuwa tabia ya oili. Filta ni za aina moja. Dipstiki inasomwa asubuhi kabla ya kuwasha, gari likiwa mahali palepale tambarare. Nyongeza yoyote inapimwa kwa bomba la sindano la mililita 60 kutoka duka la dawa, inaandikwa. Rangi ya oili sitaihesabu kama kipimo. Oili inayogeuka nyeusi mapema mara nyingi inafanya kazi yake: inayabeba masizi badala ya kuyaacha yagande kwenye chuma.

Julai. Dukani

Kupata galoni mbili zinazostahili kulinganishwa ni kazi yenyewe. Kwenye rafu nyingi za hapa mjini, nusu sintetiki ni 10W-40 na sintetiki ni 5W-30. Ukizichukua hizo ukaenda kuzimimina, umebadilisha vitu viwili kwa pamoja, aina ya oili na uzito wake (ndizo namba hizo), na huwezi tena kujua kipi kimeleta nini. Hapa ndipo mabishano mengi ya gereji yanapoharibikia. Mtu alikuwa anatumia 20W-50 ya kawaida, akahamia 5W-30 ya sintetiki, dipstiki ikaanza kushuka, akailaumu sintetiki. Alichokiona ni wepesi wa oili.

Namba hizi zisomwe hivi. Ya kwanza, yenye W, inahusu baridi. Oili ya 5W hupimwa kama itairuhusu injini kuzunguka kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri. Ya 20W hupimwa kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri. Wauzaji wetu husema W haituhusu kwa kuwa Mwanza haina theluji. Kwa sehemu wanasema kweli. Lakini oili ya 20W-50 haingoji theluji ndipo iwe nzito. Kwenye nyuzi 40 za Selsiasi, 5W-30 nyingi zina mnato wa sentistoki 60 hivi, na 20W-50 zina 160 hivi. Asubuhi ya Mwanza iko chini sana ya nyuzi 40, kwa hiyo pengo linakuwa pana zaidi, na ni katika sekunde hizohizo oili inapanda kutoka chini kwenda kwenye cheni na shafti za vali. Namba ya pili inahusu injini iliyokwisha kupata moto: daraja la 30 ni kati ya sentistoki 9.3 na 12.5 kwenye nyuzi 100, daraja la 40 linaanzia hapo hadi 16.3.

Nimepata hatimaye nusu sintetiki ya 5W-30, ya kampuni ileile iliyotengeneza sintetiki ya 5W-30. Zote mbili zina alama ya API SP, daraja la ubora la Taasisi ya Petroli ya Marekani (API) lililoanza kutumika Mei 2020. Nimekagua sili ya kifuniko, namba ya toleo iliyopigwa kwenye galoni, na nembo za ubora. Oili bandia ingeufuta mradi mzima, kwa hiyo sikununua kwa bei ya kutupa wala kwa galoni iliyofunguliwa.

Bei niliyolipa: galoni ya lita 4, nusu sintetiki shilingi 62,000, sintetiki 95,000. Filta 10,000. Injini inachukua lita 3.7 pamoja na filta, kwa hiyo kila galoni inabakiza kiasi kidogo cha kuongezea njiani. Mabaki hayo nimeyafunga na kuyaandika jina la gari.

Julai. Kilicho ndani ya galoni

Hili naliandika kabla ya vipimo kwa sababu linabadilisha namna ya kulisoma neno lililo kwenye galoni.

Oili ya injini ni vitu viwili: mafuta ya msingi, ambayo ndiyo sehemu kubwa, na madawa yanayochanganywa humo. API inayagawa mafuta ya msingi katika makundi matano. La I na la II yanatoka kwenye mafuta ghafi yaliyosafishwa. La III nalo linatoka kwenye mafuta ghafi, lakini limepitishwa kwenye hidrojeni kwa joto na shinikizo kubwa hadi molekuli zake zikapangika upya. La IV ni PAO, yanayojengwa kiwandani kutokana na gesi. La V ni mengineyo yote, zikiwemo esta.

Zamani sintetiki ilieleweka kuwa ya IV na V. Miaka ya 1990 Castrol ilibadilisha msingi wa oili yake ya Syntec kule Marekani kutoka PAO kwenda kundi la III, ikaendelea kuiita sintetiki. Mobil ikalalamika mbele ya chombo cha wafanyabiashara kinachosimamia ukweli wa matangazo, na mwaka 1999 uamuzi ukaipa haki Castrol. Tangu hapo galoni iliyoandikwa sintetiki katika nchi nyingi inaweza kuwa ya kundi la III tupu. Ujerumani wamebaki na msimamo mkali zaidi juu ya neno hilo.

Nusu sintetiki ndiyo yenye mwanya mkubwa zaidi. API haikuweka asilimia ambayo lazima ifikiwe ndipo oili iitwe hivyo. Mtengenezaji mmoja anaweza kuchanganya msingi bora kwa wingi, mwingine akatia kidogo tu, na galoni zikasomeka sawa. Ndiyo maana msimamo wangu, hata kabla ya kumwaga tone, ni kwamba mtu asome kwanza namba ya uzito, kisha daraja la API, na neno sintetiki liwe la tatu. API SP ni mtihani ambao oili imefaulu ikiwa imekamilika, msingi na madawa kwa pamoja.

Ninachotarajia kwa sintetiki: ivukizwe pungufu kuliko nusu sintetiki injini ikiwa moto, na ichelewe kuchakaa kwa joto. Kuvukizwa kuna kipimo chake, Noack, ambapo oili inawekwa kwenye nyuzi 250 kwa saa moja na kinachopotea kinapimwa. Viwango vya ILSAC, kamati ya watengenezaji wa magari, vinavyokwenda na API SP haviruhusu zaidi ya asilimia 15. Sintetiki nyingi hupoteza pungufu ya hapo kwa mbali. Nisichotarajia: kwamba madawa ya kusafisha na ya kupambana na asidi yatadumu milele. Hayo yanatumika na kuisha kwenye oili ya kila aina.

Julai. Gereji, Mabatini

Fundi wetu ni mzee wa Kisukuma aliyeanza na injini za kabureta. Aliishika galoni ya 5W-30, akaitikisa karibu na sikio.

"Bhabha, hii maji. Probox yako imechoka. Iwekee 20W-50 itulie."

"Mzee, naomba tuanze na hii. Nzito nayo tutaijaribu, na vipimo nitakuletea uvione mwenyewe."

"Haya. Ila ikilia usiseme ni fundi."

Shemeji naye alikuwa na lake. "Nasikia sintetiki inatoboa sili, shemeji. IST yangu tayari inatoa jasho."

Hofu hiyo ina mizizi ya kweli. PAO ikiwa peke yake huyasinyaza kidogo mapira ya sili, na sintetiki za mwanzo zilivujisha injini kwa sababu hiyo. Watengenezaji wakaongeza esta, ambazo huyavimbisha mapira kidogo, mizani ikarudi sawa. Kilichobaki ni hali nyingine: injini iliyojaa utope wa miaka inapewa oili yenye madawa makali ya kusafisha, utope uliokuwa umeziba ufa unaondoka, na ufa unaonekana. Oili haikuutoboa. Tumepangusa gasketi ya IST ikawa kavu, nikapiga picha ili tuwe na cha kulinganisha.

Nati ya kumwagia imefunguliwa kwa spana namba 14, washa mpya, filta mpya iliyopakwa oili kwenye mpira wake. Oili chafu yote imeingia kwenye dumu. Gereji hii haiko mbali na Mto Mirongo, na Mirongo unaishia ziwani. Nitarudi kwenye jambo hilo.

Agosti

Vumbi. Lami ya kwenda Lamadi ni nzuri, lakini wateja wangu hawakai kwenye lami. Filta ya hewa ya Probox ilikuwa imejaa kabla ya nusu ya awamu, nimebadilisha. Vumbi la mchanga likipita kwenye filta ya hewa linaingia kwenye ringi, na hapo hakuna oili ya bei yoyote itakayokuokoa. Kwa mtu anayetembea barabara za vijijini, ningemwambia fedha ya kwanza iende kwenye filta ya hewa, ya pili kwenye oili.

Probox imeanza kushuka kwenye dipstiki. Nimeongeza kidogo kutoka kwenye mabaki yake. IST haijasogea.

Septemba

Hakuna jipya la kuandika kwa Probox zaidi ya nyongeza nyingine. Mlio wa asubuhi ni mfupi, cheni inanyamaza mara moja.

Oktoba. Kumwaga na kubadilishana

Probox imefika kilomita 5,000. IST haijafika hata nusu ya hizo, ila miezi ni ileile na foleni imeila muda mwingi ikiunguruma bila kutembea. Odometa haihesabu dakika hizo, injini inazihesabu.

Probox, nusu sintetiki: nyongeza zote pamoja ni kama mililita 400. IST, sintetiki: hakuna nyongeza. Gasketi ya tapet kava ina jasho lilelile la mwanzo kwa mujibu wa picha, halijaongezeka.

Nimefanya jaribio la tone. Unachukua oili ya moto kwenye dipstiki, unadondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe ya kuchujia, unaiacha ilale usiku mzima. Masizi yakisambaa taratibu kutoka katikati kwenda nje, madawa ya kuyatawanya bado yapo. Yakikusanyika katikati na kuacha ukingo mweusi uliokatika ghafla, oili imechoka. Duara la nje lililopauka, lenye unyevu wa njano, linaashiria petroli iliyoingia kwenye oili.

Tone la Probox: kijivu cheusi, limesambaa vizuri. Baada ya kilomita 5,000 za mzigo na vumbi, nusu sintetiki ilikuwa bado hai. Tone la IST: limesambaa vizuri zaidi, lakini lina duara la njano nje. Sintetiki ya shilingi 95,000 ina petroli ndani kwa sababu ya safari fupi. Injini inawashwa, inapewa petroli nyingi ikiwa baridi, inazimwa shuleni kabla oili haijapata moto wa kuichoma hiyo petroli na unyevu. Toyota kule Japani wanazihesabu safari za mara kwa mara zisizozidi kilomita 8 kuwa matumizi magumu, sawa na vumbi na milima, na wanakata muda wa kubadilisha oili kwa nusu: kutoka kilomita 15,000 au mwaka hadi 7,500 au miezi sita. Wengi wetu huona gari la mama wa nyumbani ndilo lenye maisha mepesi. Tone hili linasema vingine.

Filta nimezikata kwa msumeno, nimekunjua karatasi, nimepitisha sumaku. Hakuna chembe za chuma kwenye yoyote.

Tumebadilishana: Probox sasa ina sintetiki, IST nusu sintetiki. Uzito uleule wa 5W-30.

Novemba

Mvua. Chini ya kifuniko cha oili cha IST kumeonekana utando mwembamba wa rangi ya maziwa. Shemeji aliogopa gasketi ya kichwa imekufa. Maji ya rejeta hayajapungua, oili kwenye dipstiki ni safi, kwa hiyo ni mvuke wa safari fupi ulioganda kwenye kifuniko kilichopoa. Nimemwomba afanye jambo moja lisilo na gharama kubwa: kila Jumamosi alipeleke gari hadi Usagara na kurudi bila kulizima, lipate moto kikamilifu. Utando umeondoka baada ya safari ya kwanza.

Kijana wa gereji ameniuliza kama mtu aliyeishiwa oili njiani anaweza kuongezea nusu sintetiki kwenye sintetiki, maana ameambiwa zitagandana. Hazigandani. Oili zinazobeba alama ya API lazima zifaulu mtihani wa kuchanganyika. Unachopoteza ni sehemu ya ubora uliolipia. Injini yenye oili iliyochanganywa iko salama kuliko injini iliyopungukiwa, kwa mbali sana.

Desemba

Mizigo ya sikukuu, Geita mara nyingi kuliko kawaida. Tangu Daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe Juni 2025, zile kilomita 3 za maji hazitusimamishi tena. Wakati wa kivuko gari lilizimwa kwenye foleni, likawashwa kusogea, likazimwa tena. Sasa Probox inatoka Mwanza na kufika Sengerema kwa moto mmoja. Kwa oili hii ni safari bora.

Nyongeza zimepungua kidogo. Naendelea kupima.

Januari. Matokeo ya awamu ya pili

Probox, sintetiki, kilomita 5,000: nyongeza ni mililita 300 na ushee. Awamu ya kwanza zilikuwa kama 400. Mwelekeo ni ule niliotarajia, oili isiyovukizwa haraka inabaki zaidi, lakini pengo ni dogo, na msimu wenyewe ulikuwa na vumbi pungufu. Muhimu kwangu ni kwamba ile kauli ya sintetiki kuliwa na injini iliyochoka haikusimama. Kwa uzito uleule, injini iliyochoka ilikunywa sintetiki pungufu kuliko nusu sintetiki.

Filta ya Probox safari hii ilikuwa na punje nyingi zaidi za kaboni laini, nyeusi, zinazopondeka kati ya vidole. Sumaku haikushika kitu. Ni uchafu wa zamani unaong'olewa. Naupokea kama habari njema, na ndiyo sababu ya kutoongeza kilomita katika awamu ya kwanza ya mtu anayehamia sintetiki akiwa na injini yenye historia asiyoijua.

IST, nusu sintetiki: hakuna nyongeza, tone limesambaa vizuri, duara la njano limefifia sana ukilinganisha na Oktoba. Safari za Usagara zimefanya kwa oili ya bei ndogo kile ambacho oili ya bei kubwa ilishindwa kufanya bila safari hizo. Kwa IST hili ndilo tokeo kubwa kuliko yote.

Tumeanza awamu ya tatu, kwa heshima ya fundi. Probox imepewa nusu sintetiki ya 10W-40. Hatukufika 20W-50, sioni sababu ya kuitesa VVT-i ili kushinda ubishi, na mzee mwenyewe alikubali.

Machi. Matokeo ya awamu ya tatu

Mzee alikuwa na hoja. Kwa 10W-40, nyongeza za Probox zilikuwa kama mililita 200 kwa kilomita 5,000. Uzito umepunguza unywaji kuliko aina ya oili ilivyoupunguza. Nimemsomea daftari lote, mstari kwa mstari, na akaomba nirudie pale penye awamu ya pili.

"Kumbe tunapobishana sintetiki na isiyo sintetiki, tunabishana namba."

"Ndiyo, Mzee. Namba kwanza."

Pamoja na hayo sibaki na 10W-40. Asubuhi cheni ililia kwa muda mrefu zaidi kabla ya kunyamaza, jambo lililokuwa halipo kwa 5W-30 ya aina zote mbili, na injini hii Toyota waliipangia 5W-30. Halafu unywaji wenyewe ni mdogo. Vitabu vya Toyota vinaweka ukomo wa lita 1 kwa kilomita 1,000. Mimi napoteza chini ya nusu lita kwa kilomita 5,000. Probox ikifika pa kutoa moshi wa bluu na kudai lita nzima kati ya sevisi mbili, 10W-40 itarudi mezani, na hata hapo itakuwa ya kuvuta muda huku nikitafuta fedha ya ringi.

Hesabu ya bei. Nusu sintetiki ikibadilishwa kila kilomita 5,000, galoni na filta ni shilingi 72,000, sawa na 14.4 kwa kilomita. Sintetiki ikienda kilomita 7,500, galoni na filta ni 105,000, sawa na 14 kamili. Kwa gari linalokula kilomita kama Probox bei zinalingana, na naingia gereji mara chache zaidi. Lakini ukinunua sintetiki kisha ukaibadilisha kila 3,000 kwa sababu stika ya gereji imeandikwa hivyo, kilomita moja inakugharimu 35. Hapo unamwaga fedha nzima pamoja na madawa ambayo bado yana kazi.

Kwa IST hesabu inageuka. Miezi sita inafika kabla ya kilomita 5,000, na petroli na unyevu wa safari fupi havisubiri odometa. Oili inamwagwa kwa kalenda, kwa hiyo kile unacholipia kwenye sintetiki, kudumu muda mrefu kwenye moto, hakitumiki. Shilingi 33,000 za tofauti zinatosha filta ya hewa na petroli ya kwenda Usagara.

Basi uamuzi wetu umekuwa kinyume cha ushauri wa kawaida. Gari kuukuu la mzigo linapata sintetiki ya 5W-30. Gari lililotunzwa la mjini linapata nusu sintetiki ya 5W-30, API SP, kila miezi sita, na Jumamosi zake za barabara ndefu. Shemeji ameridhika, hasa baada ya kuona gasketi imebaki ilivyokuwa kwenye picha ya Julai.

Machi. Oili chafu

Madumu ya awamu zote yamejaa nyuma ya gereji. Wapo waliokuja kuyaomba kwa ajili ya kupaka nguzo na mbao dhidi ya mchwa, na mmoja alitaka kuwashia tanuri la matofali. Nimekataa. Oili iliyotumika ina mabaki ya petroli, metali kutoka kwenye beringi, na madawa yaliyooza. Mvua ikiiosha kutoka kwenye nguzo inaishia kwenye mfereji, na mifereji ya Mabatini inaingia Mirongo. Maji yale ndiyo tunayochota, na dagaa ninaobeba wanatoka humo. NEMC, baraza la taifa la mazingira, inaihesabu kuwa taka hatarishi, inayotakiwa kuchukuliwa na mwenye kibali. Nimekubaliana na mzee kuweka pipa moja lenye mfuniko, juu ya sakafu ya saruji, magari yote ya gereji yamwagie humo, na mkusanyaji mwenye kibali aje likijaa. Pipa nimelinunua mimi. Mfuniko ameuchomelea yeye.

Aprili

Probox iko kwenye sintetiki, safari hii kuelekea kilomita 7,500. Tone la kwanza litadondoshwa ikifika 5,000, kisha kila baada ya kilomita 1,000. Ukingo mweusi ukionekana kabla ya 7,500, namwaga papo hapo na hesabu ya bei naiandika upya.